Uchimbaji wa Dispilio usisahau uhifadhi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Dispilio, kijiji kilicho kando ya Ziwa Orestiada, Makedonia ya Magharibi nchini Ugiriki, eneo ambalo wengi wanaoitaja Ugiriki ya kale hulipita kana kwamba historia yote ilikuwa Athens. Mwaka 1932, maji ya ziwa yalipopungua, mwanaakiolojia Antonios Keramopoulos aliona nguzo za mbao za makazi ya kale zikichomoza topeni, lakini uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1992, chini ya George Hourmouziadis wa Chuo Kikuu cha Aristotle cha Thessaloniki.

Mwaka uliofuata ulipatikana ubao wenye alama zilizochongwa, ambao kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa vitu vya kale, kiliuweka karibu na mwaka 5200 kabla ya Kristo. Tope lisilopenyeza hewa ndilo lililouhifadhi miaka yote hiyo. Ulipotolewa tu, ukaanza kuharibika.

Mabishano kama alama zile ni maandishi yamechukua nafasi kubwa mno, ilhali filimbi za mfupa zilizofukuliwa hapohapo, ambazo mtu alizishika na kuzipuliza, hazitajwi sana. Kwa maoni yangu, mbao zilizolowa haziwezi kungoja bajeti ya mwakani, kwa hiyo fedha za uhifadhi ziwe tayari kabla jembe halijagusa udongo.

Msomaji wako,
Tanga