Barua ya wazi kwa binamu yangu anayedai karata zimemkimbia

Binamu, nakuandikia hapa hadharani maana kwenye simu hunisikilizi, ukiona tu naanza mahesabu unasema mtandao wa Nanyamba unakatakata afu unakata mwenyewe. Jina lako silitaji, ila ukoo mzima watakujua na hiyo juu yako, sisi ni mabinamu, utani haulipiwi ushuru.

Ile voisi uliyonitumia usiku wa manane nimeisikiliza yote. Unasema una gundu kwenye poka. Unasema hujaona ree mbili sijui tangu lini, kila ukifunua ni saba ya kopa na mbili ya shupaza, tisa na tatu, jeki na nne, na kuna mtu kijiweni kakwambia umefungwa, nenda kaoge dawa. Kuoga kaoge bana, joto hili nani anakataa maji, ila hela ya mganga ibaki mfukoni maana kinachokupata wewe kinampata kila anayecheza poka hapa duniani na hesabu yake inajulikana.

Karata ziko 52, unagawiwa mbili. Namna tofauti za kupata hizo mbili ni 1,326, na katika hizo ree mbili zimo kwa namna 6 tu. Gawanya mwenyewe, ni mara moja kwa kila migao 221, na huo ni wastani, hamna mtu amekuahidi kwamba ukifika mgao wa 221 zinakuja. Mtu anaweza kukaa migao 500 asizione, na nafasi ya hilo kutokea ni kama moja kwa kumi, yaani si ajabu hata kidogo. Sasa zikusanye zote nzito, ree mbili, kingi mbili, kwini mbili na ree na kingi, zile ambazo hata shangazi asiyejua poka angeziona akasema hapa weka hela. Zote hizo kwa pamoja ni namna 34, kama moja kwa migao 39. Kukaa migao 100 bila kuona hata moja kati yao, nafasi yake ni kama 7 kwa 100. Tukicheza watu wengi kila wiki lazima kuna mmoja wetu litamkuta, na wiki hii umekuwa wewe, wiki ijayo litanikuta mimi na sitakutumia voisi. Jozi yoyote ile, hata za mbilimbili, inakuja kwa wastani mara moja kwa migao 17, na bado migao 50 mfululizo bila jozi inatokea kama mara 5 kwa 100.

Afu kuna hili la simu ambalo hutaki kulisikia. Sisi pale barazani Magomeni ya Mtwara mtu anachanga karata huku anapiga stori za Msimbati, mwingine kaenda kununua ming'oko, tukijitahidi sana ni migao 25 kwa saa. Wewe kwenye simu meza moja inakimbia migao 60 na zaidi na najua unafungua meza mbili. Kwa hiyo kiasi cha karata mbovu ambacho mimi nakipata kwa Jumamosi kadhaa wewe unakimaliza kati ya magharibi na saa nne usiku, afu unaniambia mbona wewe hujalaaniwa.

Haya, sasa tuje kwenye hela, maana wewe unaamini karata mbovu ndo zimekuila. Tuhesabu kwa vizibo vya soda kama tunavyocheza barazani. Meza ya watu sita, blaindi (yaani dau la lazima ambalo watu wawili wanaweka kila mgao, kwa zamu, kabla hawajaona karata) ndogo kizibo 1, kubwa vizibo 2, kila mtu anaanza na vizibo 200. Mzunguko mmoja unakutoa vizibo 3. Migao 100 ni kama mizunguko 17, tuseme umetupa karata zote hizo 100, hujacheza hata moja, umekaa kama picha ukutani, umepoteza vizibo kama 50. Robo tu ya ulichoanza nacho, kwa ule ukame ambao unasema haujawahi kutokea kusini nzima. Sasa wewe ulimalizaje vizibo 200 ndani ya saa mbili Jumamosi ile? Mi nilikuwepo. Ulimalizia na kingi na tisa, kwenye mgao mmoja, dhidi ya mtu ambaye alikuwa hajapandisha dau tangu tumekaa.

Na hapo ndo ninapotaka unielewe vizuri kuliko kote. Ukikaa muda mrefu unatupa tu, jicho linaharibika. Mgao wa kwanza wa jioni ukipewa kingi na tisa unaitupa bila kufikiri, unajua kabisa ni karata ya kukuingiza matatizoni, ukipata kingi kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani kwa wote, mwenzio ana kingi na ree na hutajua mpaka umalizike. Ila mgao wa sitini, baada ya takataka hamsini na tisa, hiyo hiyo kingi na tisa inang'aa, unaiona nzuri, unasema afadhali, na moyoni unajipa sababu kwamba na mimi nimesubiri bana nina haki yangu. Ree na sita, hivyo hivyo. Kwini na kumi, hivyo hivyo. Mwenye njaa hana miiko, na mezani njaa ndo inayokula hela, zile karata mbovu zenyewe zinakutoa vizibo vitatu vitatu tu. Karata haijui umesubiri. Mchangaji hajui. Kingi na tisa ya mgao wa sitini ina nguvu ile ile iliyokuwa nayo kwenye mgao wa kwanza, hata punje haijaongezeka.

Kinachoniuma ni kwamba hili unalijua kuliko mimi, ila unalijua shambani. Msimu ule kangomba, wale walanguzi wa kununua korosho kwa bei ya kutupa, walikuja na bakuli lao mpaka mlangoni, korosho bado ziko juu ya mti, nyumbani unga umeisha, wakakuhesabia noti mkononi, na wewe ukawafukuza, ukasema zangu zinakwenda ghalani chama cha msingi zisubiri mnada. Majirani wakakuona kichaa. Wewe huyo huyo mezani, mtu akikuonyesha bakuli la kwanza tu unamwagia gunia zima. Sikuelewi. Kingi na tisa kwenye mgao wa sitini ni kangomba, binamu, tena kangomba uliyemwita mwenyewe.

Na usiniletee tena stori ya Doyle Brunson. Ni kweli, yule mzee alichukua ubingwa wa dunia wa poka Las Vegas mwaka 1976 na tena 1977, na mara zote mbili mgao wa mwisho alikuwa ameshika karata ya kumi na karata ya mbili, na zote mbili zilimalizikia fuli hausi, yaani tatu za namba moja na jozi. Ndo maana karata hizo zinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Lakini hapo ni mgao wa mwisho, wamebaki wawili tu mezani, na ukibaki na mtu mmoja karata nyingi zinachezeka ambazo kwenye meza ya watu sita ni za kutupa. Wewe unatoa hiyo kumi na mbili ukiwa wa kwanza kuongea, yaani kuamua unatupa au unaweka, watu watano nyuma yako hujui wameshika nini. Brunson mwenyewe angekushangaa.

Sasa ufanye nini huo muda wote unaotupa? Uache kushika simu, hilo la kwanza. Angalia watu. Yule jamaa wa bandarini akipata karata nzuri anagusa vizibo kabla zamu yake haijafika, sijui kama mwenyewe anajua, mimi nimemwona na wewe ungemwona kama ungeinua kichwa. Mwingine akidanganya anaongea sana. Na kuna faida nyingine ya ukame ambayo wengi hawaitumii: ukitupa nusu saa nzima watu wanakuweka kwenye fungu la waoga, kwa hiyo siku hiyo ukiwa wa mwisho kuongea kabla ya wale wa blaindi, wengine wote wametupa, pandisha hata na takataka uone wanavyokimbia. Mara moja, mara mbili, umerudisha gharama ya mizunguko miwili bila karata yoyote ya maana. Ila usimjaribu mzee wetu mwalimu mstaafu, yule anafuata kila kitu mpaka mwisho, hajawahi kutishika tangu enzi za chaki.

Kwenye mashindano ya kwenye simu mambo yanabadilika kidogo, huko blaindi zinapanda kila dakika kadhaa, ukisubiri ree mbili utakufa umekaa. Ukibakiwa na kama blaindi kubwa kumi hivi, tafuta jozi yoyote au ree yoyote, wewe uwe wa kwanza kuingia, weka zote, basi, ukitolewa umetolewa. Hapo sikulaumu.

Kuna kitu kingine unachanganya. Kukosa karata ni jambo moja, kupata karata nzuri ukapigwa nazo ni jambo lingine kabisa, na wewe yote unaita gundu. Ree mbili zikikutana na kingi mbili, zile kingi zinashinda kama mara 18 katika 100. Na pale barazani ambapo kila mtu anafuata, ree zako mbili dhidi ya watu watano wanaobaki mpaka karata ya mwisho zinashinda karibu nusu tu ya mara. Nusu! Ndo maana unatakiwa kupandisha mapema upunguze watu, wewe unajificha na ree zako kama umeziiba, wote wanaingia kwa bei ya vizibo viwili, afu ukipigwa na mtu wa nane na tano unalia.

Andika, binamu. Kichwa kinakumbuka maumivu tu, zile kingi mbili ulizokulia vizibo tisini mwezi ule huzitaji kabisa. Andika mgao mkubwa ulioucheza, ulishika nini, ulikaa wapi, kwa nini uliingia. Matokeo weka pembeni kabisa mwa ukurasa. Baada ya muda tukae tusome wote tuone ni karata au ni wewe.

Hela ya palizi usiiguse. Nimesikia, usiniulize kwa nani. Barazani ukifilisika unanunua pweza na tunacheka, kwenye simu ukifilisika hamna wa kucheka na wewe, na mikorosho haipaliliwi kwa maneno. Kama lazima ucheze huko, weka kiasi ambacho kikiisha mama yako hatajua, hakikisha kampuni yenyewe ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ukiona unaongea na simu peke yako, funga ukalale, hata kama hela zimebaki.

Daftari nimekununulia, la kurasa mia, liko kwa mama yako Chikongola. Usimwambie la nini, nimemwambia ni la hesabu za korosho.