Malalamiko: Rada ya kupimia sevu isiyouona mpira

Kocha wa tenisi,
Nairobi.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

KUH: KUREJESHEWA PESA ZA RADA YA MKONONI YA KUPIMIA KASI YA SEVU

Bwana au Bibi Meneja,

Nimepiga simu, nimefika dukani, nimejibiwa kwa WhatsApp na watu tofauti wenye sababu tofauti. Sasa naandika, ili majibu yenu nayo yaje kwa maandishi.

Niliinunua rada hiyo ya kupimia sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, kwenu kwa shilingi 38,000. Risiti ninayo na waranti ya mwaka mmoja haijaisha. Kwenye boksi kumeandikwa kwamba kifaa kinapima kasi ya mpira unapotoka kwenye raketi, na kwamba hakikosei kwa zaidi ya kilomita 2 kwa saa. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa pesa mfukoni. Si ya kweli, na nitawaonyesha kwa hesabu ambayo mtoto wa shule anaweza kuifuata.

Kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa sevu wa upande wa pili, ule ambao sevu haitakiwi kudunda nje yake, ni mita 18.29 kwenye uwanja wowote wa tenisi. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga sevu iliyonyooka katikati, ikadunda karibu kabisa na mstari huo. Nilikuwa nairekodi kwa simu inayochukua fremu, yaani picha, 240 kwa sekunde. Tangu raketi iguse mpira hadi mpira udunde ni fremu 120, yaani nusu sekunde. Kwa kuwa mpigaji huruka kidogo kuingia uwanjani, nimewapunguzieni, tuseme mpira ulisafiri mita 18 tu. Mita 18 kwa nusu sekunde ni mita 36 kwa sekunde, ambazo ni karibu kilomita 130 kwa saa. Hiyo ni kasi ya wastani ya safari nzima. Rada yenu ilionyesha 109.

Mpira ukishaachana na raketi hakuna kinachousukuma tena. Hewa inaukaba tangu hapo, na kabla haujadunda sevu huwa imepoteza moja ya tano ya kasi yake au zaidi. Basi kasi ya kutoka kwenye raketi lazima iwe juu ya wastani, na sevu ile ilitoka ikiwa juu ya 130. Kifaa kinachodai kupima kasi ya mwanzo hakiwezi kutoa namba iliyo chini ya wastani, labda kiwe kinaukuta mpira mwishoni mwa safari, au hakiuoni kabisa na kinapima kitu kingine.

Kwamba kinapima kitu kingine, hilo nalo nimelishuhudia. Msichana mdogo wa kundi la Jumamosi alirusha mpira juu, akaukosa mzima, ukamwangukia miguuni. Rada ikawaka: 84. Wenzake walicheka, na mimi pia, lakini 84 ile ilikuwa kasi ya raketi. Rada hutuma mawimbi, yakigonga kitu kinachotembea yanarudi na masafa yaliyobadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa kasi. Kifaa kikiwa nyuma ya mchezaji, kama kijitabu chenu kinavyoagiza, raketi iko karibu nacho na ni pana, wakati mpira ni kitu cha sentimita 6 na kitu na unazidi kwenda mbali. Kutenganisha miangwi hiyo miwili ndiyo kazi yenyewe niliyolipia.

Sasa majibu yenu. Wa kwanza aliniambia nimekiweka kifaa kwa pembe mbaya. Ni kweli rada ikiwa upande hupunja namba, lakini kwa kipimo kinachojulikana. Nyuzi 10 zinakula asilimia 1.5 tu. Ili 130 ishuke mpaka 109 ningepaswa kukaa zaidi ya nyuzi 30 nje ya njia ya mpira. Picha ya video inaonyesha stendi ilipokuwa: nyuma ya mpigaji, kwenye mstari mmoja na njia ya mpira, kwenye kimo ambacho raketi inakutana na mpira. Nimeiambatisha.

Wa pili alisema ni kwa sababu Nairobi iko juu. Hili lilinishangaza zaidi. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ndiyo, na kanuni za tenisi zina mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Lakini hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo mpira unapoteza kasi kidogo kuliko ungeipoteza Mombasa. Kama kifaa chenu kinauchelewa mpira, basi Nairobi ndiko kinakopata nafuu. Wateja wenu wa Pwani wana hali mbaya kuniliko.

Wa tatu alinituma barabarani nikipime kwa gari, eti kikikubaliana na gari basi ni kizima. Nimefanya hivyo, na kimekubaliana. Gari ni bati zito linalokuja kwa mwendo uleule sekunde nzima, na hata rada mbovu italiona. Mimi sifundishi magari.

Halafu kuna aliyeniambia kwamba hata namba za sevu za kwenye televisheni hubishaniwa. Naam, hubishaniwa. Kilomita 263 kwa saa za Mwaustralia Sam Groth, kule Busan, Korea Kusini, mwaka 2012, ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, haikuzitambua kama rekodi, na inayotambuliwa ni 253 ya Mmarekani John Isner katika Davis Cup, mashindano ya timu za taifa, ya 2016. Kwa wakubwa, namba yenye shaka haiingizwi kwenye rekodi. Yenu inapigwa chapa kwenye boksi.

Mnaweza kudhani ni suala la kujifurahisha tu. Tangu Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi achukue taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, wazazi wanaoleta watoto uwanjani wanauliza maswali ambayo zamani hayakuulizwa, na mojawapo ni kasi ya sevu. Mzazi mmoja alitaka kumhamisha mwanawe kwa kuwa namba hazipandi. Kijana mwingine alianza kulazimisha bega ili aifukuze namba ambayo rada haikuwa na uwezo wa kumpa. Nimeirudisha kwenye boksi lake, na watoto wanapimwa kwa video na hesabu, kazi ya kuchosha lakini haidanganyi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na haki ya habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Kwa msingi huo nadai mambo yafuatayo. Mnirejeshee shilingi 38,000 zote, si hati ya kununulia kitu kingine dukani. Gharama za kukirudisha kifaa ziwe zenu. Fundi wenu wa ng'ambo, ambaye mmesema lazima akitazame kwanza, mtampelekea kifaa ninyi. Na wateja wengine mliowauzia rada hii waambiwe kwamba namba zake za sevu si za kutegemewa, kabla hawajamkatia mtoto tamaa kwa sababu yake.

Nawapa siku 14 kuanzia mnapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu nitayapeleka malalamiko haya, pamoja na video na nakala ya risiti, kwa mamlaka zinazohusika na ulinzi wa wanunuzi.

Wenu mwaminifu,
Kocha wa tenisi na mteja wenu

Viambatisho: nakala ya risiti, kadi ya waranti, video ya sevu pamoja na picha ya kioo cha rada kikionyesha 109, picha ya maandishi ya boksi.