Barua kwa Somo: Kinachobaki Kwenye Kadi

Busia, Uganda
Agosti 2025

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Sisi wazima, mvua ipo, biashara inatambaa. Dhumuni la barua hii si kukujulia hali, maana hali yako naijua: mtu aliyepata nguvu za kunijazia kurasa nne akimponda mwimbaji wenu Mbosso hawezi kuwa mgonjwa.

Unasema Room Number 3 yake mpya ni wizi wa mchana kweupe. Mtu ametoka WCB, lebo ya Diamond, amesimamisha lebo yake mwenyewe ya Khan Music, watu wamemsubiri, halafu Juni inafika anatuletea nyimbo saba. Saba! Unauliza zile nyingine amemwekea nani. Mimi nakuuliza: kati ya hizo saba, ni ipi uliyoiruka? Kurasa nne zote hukuitaja hata moja. Ulikuwa unalalamikia njaa tu, chakula chenyewe hukukisema vibaya.

Hujafika hapa tangu nihamishe kibanda changu cha kuwekea watu nyimbo karibu na maegesho ya malori, kwa hiyo ngoja nikueleze ninavyopima albamu siku hizi. Bando huku si kitu cha kuchezea. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, uliokuja kuchukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Ndiyo, Spotify ilifika Uganda mwaka huohuo, pamoja na kwenu Tanzania, na vijana wa chuo wanayo. Lakini dereva anayetoka Mombasa kwenda Kampala, na pengine Juba, hataki wimbo unaokatika kila akiingia bondeni. Anataka fulashi. Kijana wa bodaboda anataka memori kadi ya spika yake ndogo. Wanakuja, nawawekea, wanaondoka.

Sasa, mtu akija kuwekewa, anaomba anachokisikia redioni. Hapo hujajua lolote. Umjue akirudi kadi imejaa. Namuuliza, "Nifute zipi?" Basi hapo hakuna anayejali jina la msanii, wala lebo, wala watazamaji milioni ngapi YouTube. Anapitisha kidole: hii toa, hii toa, hii acha, hii ukiigusa tutagombana. Uchambuzi wa muziki ulio mkweli kuliko huo mimi sijausikia. Na mpaka leo Room Number 3 sijaagizwa kuipunguza. "Pawa" sishangai, hiyo hata kuku wa jirani anaijua. Ila wanaacha "Aviola", wanaacha "Tena", wanaacha "Nusu Saa". Zinakaa pamoja kama watu wa nyumba moja. Mbosso, yule bwana wa Kibiti, tangu enzi za Yamoto Band, ana koo lenye pwani ndani yake, na safari hii hakuna aliyemharakisha. Ukilinganisha na Definition of Love ya 2021, ambayo mimi niliipenda, pale unasikia albamu ikivutwa huku na huku: mara mapenzi ya kulia, mara "Baikoko" na Diamond ya kuchezesha watu. Nzuri, lakini vyumba vingi.

Wewe unataka wingi. Lakini jiulize wingi huu umetoka wapi. Kwenye Spotify wimbo unahesabiwa umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Basi msanii mwenye nyimbo ishirini ana nafasi ishirini za kuhesabiwa, mwenye saba ana saba. Hakuna anayekatazwa kufanya biashara. Ila usiniambie albamu imenenepa kwa sababu ya mapenzi kwa mashabiki. Rema wa Nigeria mwaka jana alitoa Heis, nyimbo 11, yote inaisha kabla ya nusu saa, na hakuna aliyesema kaibiwa. Tena ile inapigwa kwa hasira mpaka inaisha umechoka mwenyewe.

Haya, Bebe Cool. Umeniuliza kwa kejeli huyo "mzee wenu" wa muziki wa Uganda amefanya nini, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Albamu yake, Break the Chains, ilitoka Mei, nyimbo 16, na kwa wiki kadhaa Uganda nzima ilikuwa na maoni. Waliokuwa hawajaisikia ndio walioongoza mjadala, kama kawaida. Kuna waliosema mzee kajidhalilisha, kuna waliosema kawaonyesha vijana kazi. Mimi niliisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena kwenye bufa, si kwenye simu. Kwanza nimpe haki yake: imepikwa vizuri. Ngoma zimekaa, sauti zimesafishwa, hakuna mahali unaposikia kitu kilichofanywa usiku mmoja ili kiwahi onyesho. Mtu aliyezaliwa 1977, mwenye jina tayari, angeweza kukaa akiimba vibao vyake vya zamani kwenye harusi za wakubwa. Kukubali kuhukumiwa upya ni ujasiri. "Motivation" imebaki kwenye kadi. "Cheque" imebaki.

Tatizo langu ni moja. Huyu ni mtu aliyeanzia Nairobi, pale studio ya Ogopa Deejays, mwishoni mwa miaka ya tisini. Huyu ni mtu wa wimbo "Fitina"! Alikaa studio moja na Nazizi na Wyre wa kundi la Kenya, Necessary Noize, wakajiita East African Bashment Crew, na wakati ule hukuhitaji pasipoti kujua wametoka wapi. Ulisikia Kampala na Nairobi zikigombania kipaza sauti. Sasa mtu mwenye historia hiyo akitaka kwenda duniani, kwa nini apitie mlango wa Lagos? Nyimbo kadhaa mle ndani ukimfunika mtu macho atakuambia ni Mnigeria mzuri wa kati. Na Wanigeria wazuri wa kati wapo wengi, wote wana umri mdogo. Wateja wangu hawasemi kwa maneno haya, wao wanasema "hii toa". Ukiangalia zilizotolewa, utaona ni zilezile.

Najua utanirukia: mbona Marioo wenu naye anachanganya, mbona Bien wa Kenya anachanganya? Kweli. Albamu ya Marioo, The God Son, ina kila kitu ndani, mpaka "Nairobi" kaimba na Bien. Lakini Marioo akichanganya bado unamsikia yeye anakulalamikia kwa Kiswahili chake cha mtaani. Bien naye, ile albamu yake ya 2023 yenye jina refu la ajabu, ana Mnigeria huku na rapa wa Nairobi kule, halafu anakaa kwenye "Inauma" na unakumbuka kwa nini ulimpenda tangu Sauti Sol. Mchanganyiko si dhambi. Kupotea humo ndiko ninakolalamikia. (The God Son lakini wameipunguza sana kwenye kadi, sikufichi. Ni ndefu.)

Zuchu nitamsema kwa ufupi maana najua hapo huguswi. Albamu yake, Peace and Money, nimeisikiliza. Anapoimba kama mtoto wa Khadija Kopa wa taarabu, sina neno, navua kofia. Anapoimba kama mtu anayetafuta wimbo wa kuchezewa kwenye simu, natafuta kitufe cha kuruka. Tuishie hapo, tusigombane.

Kwa upande wa huku, sikiliza albamu ya Azawi, Sankofa, ya 2023. Si mpya, lakini kwako itakuwa mpya, kwa sababu nyinyi wa Mwanza mnadhani Uganda iliishia kwa Chameleone. Binti anaandika, na anajua kupanga nyimbo zikafuatana. Kuna mahali hutaelewa Kiluganda, vumilia tu, mimi nilivumilia Kisukuma chako. Joshua Baraka utakuwa unamjua kwa "NANA", hasa ile ya pili aliyowaita Joeboy, King Promise na huyohuyo Bien. Kijana ana sauti, ana utulivu.

Na Chameleone mwenyewe, ukitaka kujua, hajafutwa na mtu. Madereva waliokwisha kuota mvi wanakuja na fulashi kubwa na wanataka "Jamila" na "Kipepeo", wengine "Mama Mia". Kuna mmoja, mtu wa Malindi, aliniambia Kiswahili cha wimbo kilimzoeza Kampala kabla hajalivuka daraja la Jinja. Siku hizi serikali inasema Kiswahili kifundishwe shule zote; wanamuziki walishaanza kufundisha bila ada.

Umesema pia kwamba Uganda haijawahi kuifanyia singeli, ule muziki wa kasi wa Dar, lolote zaidi ya kuicheza vibaya. Hapo, somo, nimekushika. Mwaka 2017 albamu ya mkusanyiko wa singeli, Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso pale Mburahati, Dar es Salaam, ilitolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Kampala! Ndiyo iliyowafikisha wale vijana kwenye masikio ya Ulaya. Baadaye lebo hiyohiyo ikatoa Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019, na pia Uingizaji Hewa ya Duke. Mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, mtu mzima akikaa karibu na spika anahisi moyo unataka kuhama. Watu wa Mwanza mlikuwa mnaiita kelele za wahuni wa Dar wakati ule, nakumbuka vizuri, barua zako ninazo.

Wasanii wadogo wa hapa mjini huniletea nyimbo zao wenyewe, wakinisihi niwachomekee watu bila kuombwa. Nachomeka. Wiki ijayo mteja anarudi, nauliza nifute zipi, na msanii yupo amesimama pembeni anajifanya anachagua chaja. Juzi mmoja alisikia wimbo wake ukiachwa na dereva wa lori la saruji, akanunua chaja tatu.

Nimekuwekea fulashi: Sankofa, Break the Chains yote kumi na sita ili ujihukumie, Tatizo Pesa, na Room Number 3 kwa makusudi, kwa sababu naamini hukuisikiliza zaidi ya mara moja. Nimempa dereva wa basi la Kisumu, yeye atamkabidhi mwenzake wa Sirari, na wa Sirari anakujua. Mpe soda.

Ukimaliza, niandikie ungefuta zipi. Usinipe orodha ya bora tano, hizo zako nazijua na Harmonize huwa unamweka mara mbili.

Wasalimie nyumbani, na mama mwambie dagaa zilifika.

Ni mimi somo yako,
Busia