Zuhura, usizifute faili za kamera

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama anakusalimu na anauliza kila siku kama yule mtoto wenu ameanza kutembea. Mengine baadaye, maana ujumbe uliompa Mwanaidi umenitia wasiwasi hata nimeacha kazi nikuandikie. Ati klipu za filamu zinatoa sauti bila picha kwenye DaVinci Resolve, programu yako ya kuhariria, na usiku utazigeuza zote kwa HandBrake, programu ya kugeuza video, kama Kaka Baraka alivyokushauri, kisha uzifute za asili upate nafasi kwenye diski. Nakuomba, Zuhura, usifute hata moja.

Kompyuta yako haina kasoro, na klipu hazijaharibika. DaVinci Resolve ya bure kwenye Linux haisomi picha za H.264 wala H.265, zile kodeki (namna za kubana video) zinazotumiwa na kamera na simu nyingi, basi. Kamera ya Baraka ni Sony na inarekodi XAVC S, yaani picha ya H.264 na sauti ya PCM (isiyobanwa), zote ndani ya MP4. PCM inasomeka, H.264 haisomeki, ndiyo maana unasikia sauti na huoni kitu. Za simu sauti yake ni AAC, ambayo imebanwa, nayo ina shida zake humo humo kwenye Linux, kwa hiyo usishangae zikija bila picha wala sauti.

Unasema mbona VLC, kile kichezaji cha video, inazicheza vizuri. VLC imebeba visomaji vyake yenyewe ndani, na Resolve haivitumii. Kwa hiyo hata ukisakinisha vifurushi vyote vya kodeki unavyovikuta mtandaoni hutaona tofauti, ila utaichafua mashine. Na kule kubadili mkia wa jina la faili, kuandika .mov mahali pa .mp4, hakugeuzi kitu. MP4 ni bahasha tu, shoga yangu. Bahasha yeyote ataifungua. Barua iliyomo imeandikwa kwa lugha gani, hapo ndipo pana kazi.

Sasa HandBrake. Ni programu nzuri na mimi naitumia nikitaka kumpelekea mtu video nyepesi ya kutazama. Lakini kwa kawaida inatoa kodeki za kutazamia: H.264, H.265, AV1 na wenzao. Kuingiza H.264 na kutoa H.264 ni kukesha bure. Asubuhi Resolve itakuonyesha weusi ule ule, ubora umeshashuka, na za asili umeshazifuta! Nikifikiria mahojiano ya yule mzee yakipotea namna hiyo, moyo unaniuma. Hatakaa tena mbele ya kamera.

Unachotaka ni kodeki ya kuhariria: DNxHR au ProRes. H.264 huhifadhi fremu nzima mara moja moja, na katikati huandika kilichobadilika tu, kwa hiyo ukirudi nyuma hatua moja mashine hulazimika kuijenga upya fremu ile kutokana na nyingine. Kwenye DNxHR na ProRes kila fremu inajitegemea. Zinasomwa na Resolve yako na Premiere, programu ya kuhariri ya Mwanaidi, vilevile, na hilo ndilo kubwa kwetu, maana kazi hii itapita mikono miwili. Gharama yake ni nafasi. ProRes 422 ya kawaida, kwa 1920×1080 na fremu 29.97 kwa sekunde, inakula karibu megabiti 147 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 66 kwa saa moja. DNxHR SQ, ngazi ya kawaida ya DNxHR, iko hapo hapo. Najua diski yako imejaa, tutalizungumza.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, na kwa ffmpeg, programu ya kugeuza video, uandike hivi kwa klipu moja kwanza:

ffmpeg -i C0001.MP4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le C0001.mov

Ikifunguka na picha, endelea na nyingine. Usihangaike na HQX, ngazi ya DNxHR ya biti 10, kwa klipu za Baraka. Kamera yake inarekodi biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi, na kuzihamishia kwenye biti 10 hakuleti rangi ambazo hazikurekodiwa. Lakini zile za simu zilizopigwa HDR (hali yenye upana mkubwa zaidi wa mwanga na giza) ni biti 10, ngazi 1024. Hizo zipe dnxhr_hqx na yuv422p10le, la sivyo anga itatoka na mistari mistari na Mwanaidi atanipigia mimi. Kama terminali inakukera, Shutter Encoder inafanya kazi hiyo hiyo kwa vitufe, na ndani yake ni ffmpeg ile ile.

Na hapo hapo kwenye simu kuna lile ulilouliza, midomo kuachana na sauti kadiri mahojiano yanavyosonga. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja ya fremu. Mwanga ukipungua au mashine ikichoka, fremu zinapungua, kisha zinarudi. Baadhi ya programu za kuhariri huchukulia kwamba kasi ni moja mwanzo hadi mwisho, na hapo sauti inaanza kuteleza. Usikate sauti vipande vipande ukiisogeza kwa mkono, utachoka na haitakaa. Isawazishe kasi wakati wa kugeuza: ongeza -r 30000/1001 -fps_mode cfr kabla ya jina la faili ya mwisho. Hiyo 30000/1001 ndiyo 29.97 kamili. Usiandike 30 ukidhani ni sawa, kwa saa moja tofauti yake ni fremu 108, sekunde 3.6, na kwenye midomo ya mtu hata robo sekunde inaonekana.

Majina nayo. Kadi zote mbili zina C0001, nimeziona. Kabla ya kugeuza chochote, zipe za kadi ya kwanza kiambishi A_ na za pili B_, na faili mpya ibaki na jina lile lile isipokuwa mkia. Ukimpelekea Mwanaidi XML, ile faili inayoeleza mikato yako, Premiere itatafuta faili kwa majina, na pale pa kuunganisha upya anaweza kuondoa alama ya kulinganisha mkia wa jina. Taimukodi, ile saa ya kila fremu, pia ibaki ile ile. Fungua MediaInfo, programu inayoonyesha sifa za faili, uangalie ya asili na mpya zikiwa pamoja. Halafu mtolee na video moja nyepesi ya filamu yote yenye taimukodi juu ya picha, ailinganishe na alichopokea. Mikato itavuka salama, lakini zile athari zako za Resolve hazitavuka, usitegemee.

Narudia la faili za asili, unisamehe. Hizi za DNxHR ni za kufanyia kazi. Zikipotea tunatengeneza nyingine. Za kadi hazitengenezeki tena.

Nilitaka pia kukueleza habari za Rehema na ile kazi mpya, lakini ni ndefu, na yeye mwenyewe amesema atakupigia.

Sasa nijibu. Diski yako imebakiza nafasi kiasi gani? Kadi ya pili bado anayo Baraka au ameshaanza kurekodia juu yake? Simu ilikuwa imewekwa HDR siku zote au siku ile ya mwisho tu? Mradi umeufungua kwa 29.97 au kwa 25? Angalia kabla hujaweka klipu hata moja, maana Resolve haikuruhusu kuibadilisha kirahisi baada ya hapo. Na je, Mwanaidi anazitaka lini? Kama ni wiki ijayo, nije na diski yangu ya nje tugeuze pamoja?

Msalimie Baraka, na umwambie sina ugomvi naye.

Wako akupendaye,
Asha