Msiusage mhuri wa wembe wa kale

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wauza vitu vya kale wa hapa Kampala, pamoja na mafundi wa Katwe wanaowang'arishia bidhaa, waache kupiga msasa shina la wembe wa kukunja. Shina ni kile kipande kinene kati ya bapa na mkia, na ndiko iliko mihuri, yaani alama na maneno aliyogonga mtengenezaji. Wembe uliofutwa mihuri hauna umri tena, na bei yake hushuka papo hapo.

Jina la mtengenezaji peke yake halisemi mengi. Kampuni ya Joseph Rodgers ya Sheffield, Uingereza, iligonga nyota na msalaba tangu karne ya 18 hadi ya 20. Tazama nchi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, hivyo "England" au "Germany" kwa kawaida ni kuanzia 1891. "Sheffield" bila nchi huelekea kuwa ya zamani zaidi, ingawa si lazima: wembe uliouzwa Uingereza kwenyewe haukubanwa na sheria hiyo. Taji lenye VR ni la Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. "West Germany" haiwezi kutangulia 1949, hata muuzaji aape vipi.

Mhuri uliofifia usiukwangue. Weka mafuta mepesi usiku kucha, futa kwa kitambaa, sugua chaki juu yake, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Herufi zitajitokeza.

Kwenye maneno ya feleji (chuma kigumu cha wembe) ndiko watu wengi hudanganyika. "Cast Steel" ni feleji iliyoyeyushwa chunguni, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman miaka ya 1740. "Silver Steel" lilikuja baada ya majaribio ya fundi visu James Stodart na mwanasayansi Michael Faraday ya kutia fedha kwenye feleji, miaka ya 1820, lakini mara nyingi ni jina la kuvutia wateja tu. Neno "Stainless" (feleji isiyoshika kutu kwa urahisi) likiwapo, wembe hauwezi kuwa wa kabla ya 1913. Sumaku haiwezi kuamua, kwani hunasa feleji hiyo na ya kawaida pia. Dondosha tone la ndimu kwenye sehemu ya shina inayofichwa na mpini, usubiri dakika 2: feleji ya kawaida itageuka kijivu. Futa, kausha, paka mafuta.

Mpini nao husema, ila huweza kuwa ulibadilishwa. Wa rangi ya ganda la kobe usugue kwa kidole gumba hadi upate joto. Ukinuka kafuri ni seluloidi, wa miaka ya 1870 au baadaye. Usiuchome sindano ya moto, hushika moto kama petroli. Na ukianza kupasuka-pasuka, utenge na nyembe nyingine, kwa sababu mvuke wake wa asidi huzitia kutu hata zikiwa na mafuta.

Mnoa nyembe,
Kampala