Mhandisi asizuiwe kusoma siasa na utamaduni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu hoja ambayo wasomaji wenzangu huirudia kila mhandisi anapoonekana kwenye intaneti akijadili uchaguzi, historia ya muziki au mgogoro wa mpaka. Hoja yenyewe ni kwamba aliyesomea mitambo na programu abaki na mitambo na programu zake, siasa awaachie wanasiasa na utamaduni awaachie wenyewe, kwani mshika mawili moja humponyoka. Mimi ni mhandisi wa programu, na jioni zangu huzitumia kusoma mtandaoni mambo yasiyofanana hata kidogo: leo maelezo ya jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyopangwa, kesho hukumu ya kesi ya kikatiba, kesho kutwa historia ya hati za kale. Ninaamini kwa dhati kwamba usomaji huo ni sehemu ya kazi yangu, na kwamba mhandisi anayeukwepa huifanya kazi yake kwa upungufu ambao gharama yake hulipwa na watu wengine.

Nianze na jambo linaloonekana kuwa la kiufundi mtupu, yaani saa. Simu na kompyuta nyingi duniani hujua ni saa ngapi mahali fulani kwa kutegemea kanzidata moja, yaani hifadhi ya taarifa, ya majira ya saa ya kila eneo, iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 na Arthur David Olson, na ambayo hadi leo hutunzwa na watu wachache wanaojitolea. Mtu angedhani kwamba kuitunza ni kupiga hesabu za mzunguko wa dunia tu, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufuatilia maamuzi ya serikali. Samoa ilipoamua kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule ambao tarehe hubadilika ukiuvuka, siku ya 30 Desemba 2011 haikuwepo kabisa katika kalenda yake. Korea Kaskazini ilirudisha saa zake nyuma kwa nusu saa mwaka 2015, ikisema inaachana na majira yaliyowekwa na wakoloni wa Kijapani, kisha mwaka 2018 ikazisogeza tena ili zilingane na za Korea Kusini wakati viongozi wa pande mbili walipokuwa wakizungumza. Aliyekuwa akiandika programu ya ratiba bila kufuatilia habari za nchi hizo alishtukia tu kwamba programu yake imeanza kusema uongo.

Yaliyotokea Lebanon mwezi Machi 2023 yanafundisha zaidi. Siku chache tu kabla ya saa kusogezwa mbele kama ilivyo kawaida ya nchi hiyo kila mwaka, serikali ilitangaza kwamba badiliko hilo litasubiri hadi Ramadhani imalizike. Kanisa la Wamaroni, la Wakristo wa nchi hiyo, likakataa kuufuata uamuzi huo, baadhi ya vyombo vya habari na shule vikaungana nalo, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili, moja ikifuatwa na hawa na nyingine na wale. Simu nazo ziligawanyika, kwa kuwa baadhi zilijisogeza mbele zenyewe na nyingine hazikujisogeza. Watunzaji wa kanzidata walitoa toleo lililofuata tangazo la serikali, na serikali ilipobatilisha uamuzi wake walilazimika kutoa toleo jingine la kulitengua. Ni hesabu gani ingemwezesha mhandisi kuamua saa sahihi ya Beirut asubuhi ile? Alihitaji kuijua historia ya madhehebu ya nchi hiyo, namna mamlaka yanavyogawanywa miongoni mwao, na uzito wa tangazo la serikali linalokataliwa hadharani. Wenye busara waliobuni kanzidata hiyo walikuwa wamekwisha kuliona hilo mapema, ndiyo maana majira ndani yake hupewa majina ya miji badala ya majina ya nchi, kwa sababu mipaka na majina ya nchi hubadilika haraka kuliko miji.

Herufi nazo zina siasa yake. Mfumo wa kuhifadhi herufi katika kompyuta uliotangazwa Marekani mwaka 1963 ulikuwa na nafasi 128 tu, na nafasi hizo ziliwatosha waandishi wa Kiingereza na wachache wengine. Hakuna aliyekaa chini akapanga kwa chuki kuziacha nje hati za walimwengu waliobaki. Waliopanga walikuwa wakitatua tatizo lililokuwa mezani kwao, na meza yenyewe ilikuwa mahali pamoja. Mwaka 1989, huko Guinea, ndugu wawili waliokuwa bado vijana wadogo, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walibuni hati ya Adlam kwa ajili ya lugha ya Kifulani. Watu waliipokea, wakafundishana, wakaandika vitabu kwa mkono, lakini ilisubiri hadi mwaka 2016 ndipo ikaingizwa katika Unicode, ule mfumo wa pamoja wa herufi unaoziwezesha kompyuta za makampuni tofauti kuelewana. Kwa muda wote huo, mzungumzaji wa Kifulani aliyetaka kumtumia mwenzake ujumbe wa simu kwa hati yake mwenyewe hakuwa na njia ya kawaida ya kufanya hivyo. Mhandisi anayesoma habari za lugha na hati kwa kupenda kwake ndiye anayeweza kuliona pengo la namna hii mapema. Asiyesoma ataliona siku atakapoletewa malalamiko, na pengine hataletewa kamwe, kwa kuwa walioachwa nje hawana pa kuyaandikia.

Siwezi kupita bila kutaja utafiti ambao watafiti wa kompyuta Joy Buolamwini na Timnit Gebru waliuchapisha mwaka 2018. Waliipima mifumo ya kibiashara iliyodai kutambua jinsia ya mtu kwa kuitazama picha ya uso wake, wakakuta kwamba mfumo uliofanya vibaya zaidi ulikosea kwa asilimia 34.7 ya wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kwa wanaume weupe kosa kubwa kabisa likiwa asilimia 0.8. Mifumo hiyo ilikuwa tayari sokoni. Waliliona kosa hilo kwa sababu walijua historia ya nani hupigwa picha, nani hukusanywa katika hifadhi za picha, na nani husahauliwa, na maarifa hayo hayapatikani katika somo la aljebra.

Mfano unaonigusa kuliko yote, hata hivyo, ni wa zamani kidogo. Mwaka 1970 Caroline Hunter, mkemia kijana katika kampuni ya Polaroid nchini Marekani, pamoja na mwenzake Ken Williams, aliyekuwa mpiga picha hapo hapo, waligundua kwamba teknolojia ya kampuni yao ilikuwa ikitumika Afrika Kusini kutengeneza picha za vile vitabu vya pasi, yaani vitambulisho, ambavyo serikali ya ubaguzi iliwalazimisha Waafrika kuvibeba kila waendako. Kamera ile ilikuwa nzuri kwa kila kipimo cha maabara, kwa kuwa ilitoa picha kwa haraka na kwa uhakika, na wepesi huo ndio ulioifanya ipendwe na dola iliyotaka kuwadhibiti watu kwa mamilioni. Hunter na Williams walianzisha vuguvugu la wafanyakazi kuitaka kampuni ijiondoe nchini humo. Mwaka 1971 Hunter alifukuzwa kazi, lakini mwaka 1977 Polaroid ilijiondoa Afrika Kusini. Nikiulizwa kwa nini mkemia ahangaike na sheria za nchi ya mbali, jibu langu ni hilo. Wenzake wengi walikuwa na ujuzi wa kemia ulio sawa na wake au kuuzidi, ila yeye aliposikia jina la nchi ile alitaka kujua maisha yakoje huko.

Wapo wanaokubali kwamba siasa ina nafasi, lakini huuona utamaduni kuwa burudani ya kupumzisha akili tu. Hao nawakumbusha Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani. Alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Michigan alikutana na mantiki ya George Boole, Mwingereza wa karne ya 19, katika darasa la falsafa. Miaka michache baadaye, katika tasnifu yake ya 1937, alionyesha kwamba mantiki ile ile ya kweli na si kweli inaweza kutumika kubuni saketi za swichi za umeme, na kompyuta zote tunazotumia leo zimesimama juu ya wazo hilo. Mwaka 1942 nao, mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya njia ya kurusha mawimbi ya redio yanayorukaruka kutoka masafa moja hadi mengine ili adui asiyazibe, na masafa hayo walikuwa wameyapanga 88, sawa na idadi ya vibonyezo vya piano. Sidai kwamba kila anayesikiliza muziki atavumbua kitu. Ninachosema ni kwamba haiwezekani kujua kabla ni somo lipi la pembeni litakalohitajika, na aliyejifungia mlango mapema hatajua alichokikosa.

Sasa nifike kwenye hofu ya wapinzani wangu kwamba mhandisi akitoka nje ya fani yake ataleta madhara, ambayo naiheshimu kwa kuwa ina ushahidi. William Shockley alikuwa mmoja wa wavumbuzi watatu wa transista, kile kifaa kidogo cha kudhibiti umeme kilichomo ndani ya kompyuta, na mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Katika sehemu ya mwisho ya maisha yake alijitosa katika mambo ya urithi wa binadamu, akahubiri kwamba watu weusi wamezaliwa na akili pungufu, na akapendekeza watu wenye alama za chini katika vipimo vya akili walipwe ili wakubali kufungwa uzazi. Hakuwa mtaalamu wa jenetiki. Alikuwa na jina kubwa, naye alilitumia jina hilo mahali ambapo hoja zake zisingesimama zenyewe. Kila mhandisi anayetoka nje ya fani yake anapaswa kumkumbuka mtu huyu, kwa sababu kishawishi kilichomwangusha tunacho sote, yaani kuzoea matatizo yenye jibu moja na kisha kudhani kwamba jamii nayo ni tatizo la namna hiyo, likimsubiri mwerevu wa kulikokotoa. Mgogoro wa ardhi una wazee wanaokumbuka, wanawake walionyimwa urithi, vijana wasio na kazi na hati zinazopingana. Anayeingia humo akiwa na jedwali na haraka ya kutoa jibu ataongeza madhara.

Hata hivyo, kosa la Shockley halikuwa kusoma mambo mengi. Alizungumza kama mwalimu mahali ambapo alipaswa kuketi kama mwanafunzi. Mhandisi anayesoma siasa vizuri huisoma sheria yenyewe badala ya muhtasari wa mtu aliyeikasirikia, huwatafuta waandishi wanaopingana, na hukubali kusahihishwa na mwanahistoria kama yeye anavyomsahihisha mwanahistoria kuhusu seva. Aidha, ipo desturi moja ya kazi yetu ambayo ningependa kuiona ikiingia katika siasa. Mfumo mkubwa unapoanguka, timu nzuri huketi na kuandika hatua kwa hatua kilichotokea, bila kumsaka wa kulaumiwa, ili kila mtu aseme ukweli. Ningefurahi sana kuona tume za uchunguzi zikiandika hivyo.

Kuna na upande wa pili wa jambo hili, nao ni kwamba siasa inawahitaji wahandisi waisomao. Mwaka 1991 Phil Zimmermann alitoa programu iliyomwezesha mtu wa kawaida kuufunga ujumbe wake kwa siri. Kanuni za Marekani wakati huo ziliiweka teknolojia ya namna hiyo katika orodha ya silaha, kwa hiyo programu ilipoonekana nje ya nchi alichunguzwa kwa takriban miaka mitatu, hadi faili lilipofungwa mwaka 1996 bila mashtaka. Kabla ya hapo, mwaka 1995, msimbo wote wa programu ile ulichapishwa kama kitabu, na hapo ikadhihirika kwamba kilichokuwa kikizuiwa kusafirishwa kama silaha kilikuwa ni maandishi ambayo mtu angeweza kuyabeba kwapani. Mwanasheria peke yake asingeliona hilo, na mhandisi asiyejua haki ya kuchapisha asingeliona pia. Mabunge mengi sasa yanajadili sheria za akili mnemba, taarifa binafsi na uzimaji wa intaneti, na mara nyingi wanaozitunga hawajui mtambo unavyofanya kazi, huku wanaoujua wakiwa wameambiwa wanyamaze.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi mawili kwa gazeti lako. La kwanza, muswada wowote unaogusa mitandao unapowasilishwa bungeni, mwandishi wenu amtafute mhandisi aliyeusoma muswada kifungu kwa kifungu, amuulize ni kifungu kipi hakitekelezeki na kipi kitatekelezeka kwa namna ambayo watunzi hawakuikusudia. La pili, ukurasa wa teknolojia, ambao kwa sasa umejaa habari za simu mpya, uwape nafasi pia wanaisimu, wanahistoria na wasanii waeleze jinsi mitambo hii inavyozigusa lugha na kumbukumbu za watu, na wahandisi wajibu katika ukurasa huo huo. Wapo wahandisi watakaoandika bila kudai malipo, nami niko tayari kuanza na makala kuhusu kanuni za kuhifadhi taarifa binafsi wakati wowote mtakaponihitaji.

Wako mwaminifu,
Mhandisi wa programu na msomaji wa gazeti lako