Boti ya GitHub inajibu kwenye laptop, ikipandishwa Lambda inanyamaza

Lalamiko tunaloletewa mara nyingi na timu ndogo za programu ni hili: wameandika boti kwa Probot (kiunzi cha kuundia boti za GitHub), kazi yake nyepesi tu, mtu akifungua isyu (taarifa ya tatizo au ombi) kwenye repo (hifadhi ya msimbo) inamkaribisha na kumwekea lebo. Kwenye laptop inaenda bila shida. Wakiipandisha AWS Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha msimbo pale tu unapoitwa, ili wasilipie seva inayokesha bila kazi, kimya. Kinachoudhi zaidi, GitHub inaonyesha ujumbe wake wa kuiarifu boti ulifika na ukajibiwa 200, yaani umepokewa sawasawa.

Hapo msiilaumu GitHub. Kwenye laptop programu huendelea kukimbia hata ikishajibu. Lambda haiko hivyo: fanksheni ikisharudisha jibu, mazingira yake yanagandishwa palepale. Kama boti ilijibu kabla maoni yake ya kumkaribisha mtu hayajamaliza kutumwa, kazi hiyo inakatikia njiani. Na inaweza kuzinduka baadaye, ombi jingine likiangukia mazingira yaleyale. Ndiyo maana mtu anafungua isyu, salamu zinamfikia baadaye, wakati mwenzake anafungua ya kwake. Mkiona kioja cha namna hiyo, tafuteni `await` (neno linaloambia msimbo usubiri kazi iishe) iliyosahaulika.

Kwa boti nyepesi, kusubiri kazi iishe ndipo ujibu kunatosha. Ila GitHub inataka jibu ndani ya sekunde 10, na Lambda isipoguswa mipangilio yake hukatisha fanksheni baada ya sekunde 3. Hizo 3 mnaweza kuziongeza, zile 10 hamna la kufanya. Boti inayosoma faili nyingi au kuita huduma nyingine sisi huigawa: fanksheni moja inahakiki ujumbe, inauweka kwenye foleni ya SQS (huduma ya Amazon ya kupanga jumbe zisubiri zamu) na kujibu, nyingine inauchukua na kufanya kazi kwa nafasi yake. Foleni ya kawaida ya SQS huweza kuleta ujumbe uleule mara mbili, kwa hiyo tunahifadhi namba ya utambulisho ya kila ujumbe, iliyo kwenye kichwa chake cha `X-GitHub-Delivery`, mgeni asije akakaribishwa mara mbili.

Kwenye kuhakiki ndiko wengi wanakokwama. Sahihi ya HMAC-SHA256, alama inayothibitisha kuwa ujumbe umetoka GitHub kweli, hukokotolewa juu ya ujumbe ghafi, baiti kwa baiti. Mkishaufungua kuwa data ya JSON na kuufunga tena, nafasi moja tu ikibadilika sahihi hailingani. Wapo wanaochoka na kuzima uhakiki kabisa. Tafadhali msifanye hivyo. Anwani ambako boti hupokelea jumbe iko wazi kwa dunia nzima, na boti yenu ina ruhusa ya kuandika kwenye repo.

Ufunguo wa siri, ambao boti hujitambulisha nao kwa GitHub, nao una mistari mingi, na ukibandikwa kwenye vigeu vya mazingira (mipangilio inayowekwa nje ya msimbo) mistari huvurugika. Ugeuzeni kwanza kuwa base64, yaani maandishi ya mstari mmoja, Probot inausoma.

Gharama isiwatishe: Lambda haitozi maombi milioni 1 ya kwanza ya kila mwezi, na boti ya timu ndogo haikaribii huko.

Mkitaka tuwakagulie, hatuhitaji ufunguo wenu, na mtu akiuomba mkataeni. Tunahitaji msimbo wa boti, logi za siku ya tatizo kutoka CloudWatch (mahali AWS inapohifadhi kumbukumbu za Lambda), na picha ya orodha ya jumbe zilizotumwa, iliyo kwenye mipangilio ya app yenu. Msichelewe: ujumbe ulioshindikana GitHub haiurudii yenyewe, na kuutuma upya kwa mkono kunawezekana kwa zile za siku 3 zilizopita tu.